Kutembelea Vijiji vya Mabonde ya Nyandarua: Yampasayo Mgeni na Yamfaayo Mwenyeji

Watu wa Kahawa Wendani, Ruiru na Thika wamezoea kuitumia barabara yao kuu kwa safari moja tu. Asubuhi huenda Nairobi kazini, na jioni hurudi nyumbani. Milima ya Nyandarua, ambayo siku isiyo na mawingu huonekana upande wa kaskazini, wengi wao huitazama kwa mbali wala hawajafika huko. Hata hivyo maji mengi yanywayo Nairobi hutoka kwenye mabonde ya milima hiyo, na kadhalika chai, viazi na maziwa.

Siku hizi idadi ya watu waendao huko kwa matembezi inaongezeka, hasa vijana. Huenda kupanda vilima, kupita katika misitu, kuona maporomoko ya maji, na kujifunza maisha ya wenyeji. Jambo hilo ni jema, lakini hata jambo jema laweza kufanywa vibaya. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hawakusema kwamba mwenyeji hupona kwa sababu tu mgeni amefika. Yafaa basi kueleza ni mambo gani yapatikanayo katika vijiji hivyo, mgeni aende kwa namna gani, na wanavijiji wajipange vipi ili ziara hizo ziwaletee faida.

DESTURI YA KUTEMBELEA MILIMA

Katika Ulaya desturi hii ina umri wa zaidi ya miaka 200. Milima mirefu iitwayo Alps imepita katika nchi kadhaa, zikiwamo Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria. Hapo zamani watu wa mabonde yake walikuwa wakulima na wafugaji maskini. Theluji ilifunika mashamba yao kwa miezi mingi, na vijana wengi walilazimika kushuka mijini kutafuta kazi, kama wafanyavyo vijana wa kwetu.

Mwaka 1760 mtaalamu mmoja wa mji wa Geneva, jina lake Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi kumpa zawadi mtu atakayegundua njia ya kufika kilele cha Mont Blanc, mlima ulio juu ya kijiji cha Chamonix katika Ufaransa. Miaka 26 ilipita. Kisha, mwaka 1786, watu wawili wa kijiji hicho hicho walifika kileleni: Jacques Balmat, aliyekuwa akitafuta mawe ya kung’aa milimani na kuyauza, na Michel Paccard, daktari wa kijiji. Tangu hapo wageni walizidi kumiminika, na wenyeji wakapata kazi ya kuwaongoza.

Lakini mwaka 1820 viongozi wa njia watatu walifunikwa na theluji iliyoporomoka, wakafa. Watu wa Chamonix walitambua kwamba kazi hiyo, ikiwa kila mtu anaifanya peke yake, itawaacha wajane na yatima bila msaada. Mwaka uliofuata, 1821, walianzisha chama chao cha viongozi wa njia. Chama hicho kilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni zamu: kila kiongozi alipewa wageni kwa zamu yake, wala hakugombana na mwenzake njiani. La pili ni sanduku la akiba, ambalo lilisaidia wagonjwa na jamaa za waliofariki. Chama hicho kipo mpaka leo, na Chamonix ni mji ujulikanao dunia nzima.

Wala si Ulaya peke yake. Katika milima ya Usambara, nchini Tanzania, watu wa Lushoto walianza kazi kama hiyo katikati ya miaka ya 1990, wakisaidiwa na shirika la maendeleo la Uholanzi. Vijana wenyeji huwaongoza wageni kwa miguu katika misitu na mashamba ya Wasambaa, na sehemu ya malipo huwekwa kando kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Huko Marangu, chini ya Kilimanjaro, wageni huoneshwa mifereji ya maji ya Wachaga, migomba iliyopandwa pamoja na kahawa, na mapango ambayo wazee walichimba ili kujificha wakati wa vita. Sehemu hizo zote zafundisha jambo moja: mlima peke yake haumlishi mtu. Kinachomlisha ni mpango wa watu wakaao chini yake.

NCHI YA MIGONGO NA MABONDE

Kwa mtu wa Kahawa Wendani, mabonde ya Nyandarua hayako mbali. Barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012 humfikisha Thika upesi. Kutoka Thika hupatikana matatu ziendazo Gatanga na Gatura, na njia huanza kupanda. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndakaini iko zaidi ya mita 2,000. Katika safari hiyo fupi msafiri huona nchi ikibadilika mara tatu. Kwanza ni mashamba makubwa ya mananasi na kahawa. Kisha mashamba madogo ya mahindi, migomba na kahawa. Na mwisho ni chai, ambayo hufunika vilima mpaka ukingo wa msitu.

Umbo la nchi hiyo lafanana na mkono uliotandazwa. Vidole ni migongo ya vilima, na nafasi zilizo kati ya vidole ni mabonde, ambamo mito ya Chania, Kimakia, Kiama na Thika hushuka kutoka msituni. Nyumba na barabara ziko juu ya migongo. Mito iko chini kabisa. Mtu aliye juu ya mgongo mmoja aweza kumwona jirani yake wa mgongo wa pili akichuma chai, lakini akitaka kumfikia kwa miguu itampasa ashuke mpaka mtoni na kupanda tena. Zamani kila mgongo ulikuwa kama nchi ndogo, ukikaliwa na mbari, yaani ukoo mmoja wenye ardhi yake.

BWAWA LA NDAKAINI

Mahali pajulikanapo sana katika sehemu hiyo ni Ndakaini, penye bwawa kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1989 na 1994 kwa kuzuia maji ya mto Thika na vijito vyake. Ukuta wake ni wa udongo, na kimo chake ni mita 65. Likijaa, huhifadhi mita za ujazo milioni 70 za maji. Kutoka hapo maji hupita katika njia za chini ya ardhi na mabomba mpaka Ngethu, husafishwa, kisha hupelekwa Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya mji huo hutegemea bwawa hili.

Bwawa limezungukwa na miti na mashamba ya chai, na watu wengi hupenda kutembea kando yake. Kwa miaka mingi yalifanyika huko mashindano ya mbio za kilomita 21, yaliyoandaliwa na chama cha kuhifadhi mazingira ya bwawa ili kupata fedha za kupanda miti katika vyanzo vya maji.

Lakini mgeni anayefurahia uzuri wa maji hayo yampasa ajue gharama yake. Jamaa zilizokuwa zikilima bonde hilo zilihamishwa ili maji yapate nafasi. Baadaye, serikali ilipoanza kuchimba njia nyingine ya chini ya ardhi, yenye urefu wa karibu kilomita 12, ili kuleta Ndakaini maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati, watu wengi wa Murang’a walinung’unika. Waliogopa kwamba mito yao itakauka, na waliuliza wao watapata nini. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2022. Swali la wenyeji halijapoteza maana yake: kila siku mlima huwapa watu wa chini maji, je, watu wa chini huupa mlima nini?

Kuna jibu moja lililokwisha kuanza. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao hukusanya fedha za makampuni na mashirika ili kuwasaidia wakulima wa juu kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Udongo ukibaki shambani, mkulima huvuna zaidi. Na ukikosa kuingia mtoni, kazi ya kusafisha maji hupungua. Ziara za watu wa mijini zaweza kuwa jibu la pili, zikifanywa kwa akili.

MAMBO YA KUONA NA KUJIFUNZA

Mgeni atakayepita upesi akipiga picha tu ataona majani ya kijani kibichi, basi. Mgeni atakayetembea polepole na mwenyeji ataona elimu kubwa.

Ataoneshwa jinsi ya kuchuma chai: majani mawili na chipukizi lake, wala si zaidi. Atawaona wachumaji wakipeleka vikapu kituoni, ambako majani hukaguliwa, hupimwa na kuandikwa, kisha hupelekwa kiwandani kabla hayajaharibika. Chai ya wakulima wadogo ilianza katika sehemu za Kenya ya kati katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 iliwekwa chini ya halmashauri ya KTDA. Karibu na msitu ataona ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa kuanzia mwaka 1986 ili uwe mpaka kati ya mashamba na miti, mtu yeyote asisogeze jembe lake msituni.

Katika miteremko ataona matuta ya fanya juu, ambayo hutengenezwa kwa kuchimba mfereji unaokata mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Juu ya tuta hupandwa nyasi za nepia, ambazo hushika udongo na kulisha ng’ombe. Chini, katika majimaji ya bondeni, ataona majani mapana ya nduma. Nduma iliyochemshwa na chai ya maziwa ndiyo karibisho la mgeni katika nyumba nyingi. Kuna pia githeri, mukimo, uji, na njahi, maharagwe meusi ambayo tangu zamani hupewa mama aliyejifungua ili apate nguvu.

Huenda akapita penye mugumo. Wakikuyu waliuheshimu mti huo kama mahali pa sala, na hawakuukata wala kuokota kuni zake. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe upande wa Nyeri, kando ya milima hiyo hiyo ya Nyandarua, alieleza kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, na kwamba karibu na mti huo palikuwa na kijito. Baadaye, akiwa mtaalamu wa sayansi, alitambua kwamba mizizi ya mti ule ndiyo iliyosaidia maji kutoka ardhini, na kwamba mugumo ulipokatwa kijito kilikauka. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti kupitia vikundi vya akina mama, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mpenda muziki naye hatatoka mikono mitupu. Gatanga ni chimbuko la waimbaji wengi wa benga ya Kikuyu, wakiwamo Daniel Kamau na John De’Mathew, aliyefariki mwaka 2019.

Tena kuna historia ambayo wazee huikumbuka. Msitu wa Nyandarua ulikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha watu wa Kenya ya kati kwa nguvu kutoka nyumba zao zilizotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vilivyolindwa. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa hivyo. Masoko na vituo kadhaa vya migongo hiyo vilianzia hapo. Mgeni akutanapo na mzee aliyeishi siku hizo, yafaa asikilize zaidi kuliko kuuliza.

YAMPASAYO MGENI

Kwanza, achague majira. Mvua ndefu hunyesha tangu Machi hadi Mei, na mvua fupi tangu Oktoba hadi Desemba. Wakati huo njia za udongo huteleza sana. Januari na Februari ni miezi mizuri. Kati ya Juni na Agosti hapana mvua nyingi, lakini kuna ukungu na baridi kali, na mtu aliyezoea joto la Thika hana budi kuchukua koti. Viatu viwe vya kushika ardhi.

Pili, asiingie msituni peke yake. Misitu ya serikali iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Kuna taratibu za kuingia, na mahali pengi kuna ada. Ndani yake wamo ndovu na nyati, na ukungu waweza kumpoteza hata mtu aliyezoea. Anayetaka kuvua trauti, samaki walioletwa katika mito ya baridi mwanzoni mwa karne ya 20, apate kibali kwanza. Wala mtu asiogelee bwawani: maji ni baridi, ni ya kina kirefu, na ni ya kunywa.

Tatu, aheshimu watu. Asalimu kabla ya kuuliza njia. Mzee huitwa guka, na bibi mzee huitwa cucu. Neno moja la heshima hufungua mlango ambao fedha hazifungui. Asimpige mtu picha bila ruhusa, hasa mtoto, au mchumaji aliye kazini. Asikate njia katikati ya chai ya mtu. Mashamba hayo si bustani ya watu wote. Ni mshahara wa mwenyewe.

Nne, asiache takataka. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vimekatazwa katika misitu na mbuga za serikali. Kitupwacho bondeni leo huingia mtoni kesho.

Tano, na hili ndilo kubwa, atumie fedha zake kule kule. Watu wakikodi gari mjini, wakanunua chakula Ruiru na soda Thika, wakaja na kiongozi wao kutoka Nairobi, wakala kando ya bwawa na kurudi, kijiji kimepata vumbi tu. Lakini wakimlipa kijana wa kijiji awaongoze, wakala chakula kilichopikwa na akina mama wa hapo, wakanunua kiondo, asali au viazi kwa bei ya haki, nyumba tatu au nne zitakuwa zimepata kitu siku hiyo. Bei ya kazi na chakula ipatanwe kabla ya kuanza, ili pasiwe na ugomvi mwishoni.

YAMFAAYO MWENYEJI

Kwa upande wao, wanavijiji wasingoje kila mgeni ajitokee. Vijana kumi wanaozijua njia waweza kufanya kikundi, wakaandikisha majina yao kwa chifu na kwa chama cha wananchi cha kuhifadhi msitu, kama sheria ya misitu ya mwaka 2016 iruhusuvyo vyama hivyo kushirikiana na serikali. Waweke bei moja ijulikanayo na wote. Waongoze kwa zamu. Wajifunze huduma ya kwanza, majina ya miti na ndege, na historia ya mgongo wao kutoka kwa wazee. Kila malipo yaandikwe, na sehemu fulani iwekwe akiba kwa ajili ya ajali, miche ya miti au karo ya mtoto mhitaji. Ndivyo walivyofanya watu wa Chamonix, nao hawakuwa matajiri wala wasomi wakubwa.

Akina mama wapangao kupokea wageni wa chakula au malazi wahakikishe usafi wa choo, maji yaliyochemshwa na kitanda kikavu. Mgeni wa mjini hatafuti kijijini nyumba kama ya mjini, lakini hulipenda shuka safi.

Tena wajihadhari na tamaa. Vijiji vingi duniani vimepata wageni, kisha vikauza ardhi yote iliyo na mandhari nzuri kwa watu wa mbali. Baada ya miaka michache watoto wa wenye shamba wamekuwa wafagiaji katika hoteli iliyojengwa juu ya shamba la babu yao. Aliyenunua hakuvunja sheria, na aliyeuza alipata fedha. Ila fedha zimekwisha na shamba halirudi. Afadhali kukodisha kuliko kuuza, na afadhali kushirikiana kuliko kila mtu kushindana na jirani.

Jina Wendani, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni kupendana. Mtaa wenye jina hilo umejaa watu waliotoka migongo mingi, wanafunzi na wafanyakazi, ambao watoto wao hawajui nduma huota wapi wala chai huchumwaje. Siku moja ya matembezi yaweza kuwafundisha, na ada yake yaweza kumsaidia kijana wa Gatanga asiuache mgongo wake kwenda kutafuta kibarua mjini. Maji hushuka kutoka Nyandarua kila siku, usiku na mchana, bila kuombwa. Fedha hazina desturi hiyo. Hazina budi kupandishwa na watu.